Wat Phra Si Sanphet, Hekalu Lisilokuwa na Watawa

Katika kisiwa cha Ayutthaya, kiasi cha kilomita 80 kaskazini mwa Bangkok, pale ambapo mito ya Chao Phraya, Pa Sak na Lopburi hukutana na kuuzunguka mji pande zote, yamesalia magofu ya Wat Phra Si Sanphet, hekalu la Kibuddha lililokuwa ndani ya ua wa jumba la wafalme wa Siam, nchi ambayo leo huitwa Thailand. Mgeni anayeingia kutoka mashariki hupita kwanza kati ya kuta zilizovunjika na vigutu vya nguzo za matofali, ambavyo ndivyo vilivyobaki vya ukumbi mkuu wa ibada, kisha huzikabili chedi tatu zilizopangwa kwa mstari mmoja kuelekea magharibi. Chedi, ambayo huko India hujulikana kama stupa, ni jengo zito lenye umbo la kengele na ncha ndefu juu yake, lisilojengwa ili watu wakae ndani bali lihifadhi masalio matakatifu, au majivu ya mtu mkubwa ambaye mwili wake ulichomwa baada ya kufa, kama ilivyo desturi ya Wabuddha wa huko. Chedi hizi tatu ni za wafalme, na picha zake zimechapishwa mara nyingi mno, hata wengi huitambua Ayutthaya kwa umbo lake kabla ya kulijua jina la hekalu.

Ipo tafakari moja ambayo huwajia wageni wa mahali hapa karibu wote. Buddha alifundisha kwamba kila kilichoundwa kutokana na vingine hakidumu. Fundisho hilo, ambalo kwa Kipali, lugha ya maandiko ya tapo la Theravada linalofuatwa Thailand, Burma, Sri Lanka, Laos na Kambodia, huitwa anicca, limewekwa pamoja na mateso na kutokuwepo kwa nafsi ya kudumu kuwa alama tatu za maisha ya viumbe. Mgeni akishalisikia, halafu akayaona majani yakiota palipokaa wafalme, huridhika kwamba hapahitajiki maelezo zaidi, kwa kuwa hekalu limethibitisha kwa kuanguka kwake yale yaliyohubiriwa ndani yake lilipokuwa limesimama. Ni tafakari tamu, na kwa sababu hiyo inafaa kutiliwa shaka. Matofali ya kuchoma yaliyounganishwa vizuri hustahimili mvua za karne nyingi, sanamu ya shaba nyeusi haiyeyuki kwa uzee, na dhahabu ndiyo kabisa haiozi. Hekalu hili lina tarehe ya kuanguka, lina watu walioliangusha, lina wengine walioendelea kulibeba kidogo kidogo baada ya hao kuondoka, na lina watu wa karne ya 20 waliolitengeneza mpaka likapata sura hii inayopendeza machoni. Kuyafumbia macho yote hayo kwa kisingizio cha kutodumu ni kulifanya fundisho zito kuwa dawa ya usingizi.

Ayutthaya ilianzishwa mwaka 1351 na mtawala aliyejulikana kwa jina la U Thong, ambaye alipotawazwa alijiita Ramathibodi, na kwa karibu karne moja jumba la kifalme lilikuwa papa hapa penye magofu. Mwaka 1448 Mfalme Borommatrailokkanat, ambaye vitabu vingi humfupisha kuwa Trailok, aliyahamishia makazi yake upande wa kaskazini, karibu zaidi na ukingo wa mto, akakitoa kiwanja cha jumba la zamani kiwe mahali pa ibada. Lilikuwa tendo la thawabu, kwa maana katika dini hii mtu huchuma thawabu kwa kutoa, na ni vigumu kumpita mfalme anayetoa kiwanja cha nyumba yake mwenyewe. Lakini halikuwa la thawabu tu. Trailok ndiye anayehusishwa na sheria za sakdina, utaratibu uliompa kila mtu katika ufalme cheo kilichohesabiwa kwa rai, ambacho ni kipimo cha ardhi cha Siam, hata kama ardhi yenyewe hakuwa nayo: mtumwa alihesabiwa rai 5, mtu huru wa kawaida 25, na waziri mkubwa 10,000, na faini na fidia zikafuata hesabu hiyo. Mtawala aliyewapanga watu wake namna hiyo asingekosa kuipanga na dini, na hekalu lililowekwa ndani ya ua wake likawa juu ya mahekalu mengine kama yeye alivyokuwa juu ya watu wengine. Ni huyohuyo, jambo linalomfanya asiwe mwepesi wa kuhukumiwa, aliyevua mavazi ya kifalme mwaka 1465 akaishi kama mtawa kwa miezi kadhaa katika mji wa Phitsanulok.

Chedi zenyewe zilikuja baadaye. Mwanawe, Ramathibodi wa Pili, alijenga mwaka 1492 zile mbili za kwanza, ya mashariki kwa ajili ya majivu ya baba na ya katikati kwa ajili ya kaka aliyemtangulia katika ufalme. Ya tatu, ya magharibi, ilijengwa kwa ajili yake na mrithi wake baada ya yeye kufariki mwaka 1529. Umbo la kengele lilikuwa na maana yake. Wafalme wa mwanzo wa Ayutthaya walipenda zaidi prang, yaani mnara mnene wa mtindo wa Wakhmer wa Angkor, unaofanana kwa mbali na gunzi la mahindi lililosimamishwa, ambao mizizi yake ni mahekalu ya miungu ya Kihindu na ya wafalme waliojifananisha na miungu hiyo. Kengele ilikuwa ya Sri Lanka, kisiwa kilichoheshimiwa na Wabuddha wa Theravada kuwa mlinzi wa mafundisho safi, na ilikuwa pia ya Sukhothai, ufalme wa jirani wa kaskazini ambao Ayutthaya ilikuwa imekwisha kuumeza. Kwa kuweka majivu yao ndani ya umbo hilo, wafalme hawa walidai mambo mawili kwa mpigo: kwamba walikuwa watetezi wa dini iliyonyooka, na kwamba urithi wa Sukhothai sasa ulikuwa wao.

Mwaka 1499 ulijengwa ukumbi mkuu, na mwaka uliofuata wahunzi wakaanza kusubu sanamu ya Buddha aliyesimama, yenye kimo cha kiasi cha mita 16, ambayo kiini chake kilikuwa cha shaba nyeusi na ngozi yake ya dhahabu. Sanamu hiyo iliitwa Phra Si Sanphetdayan, jina linalomtaja Buddha kuwa mwenye kujua yote, na hekalu zima likachukua jina lake. Waliochimba udongo, kuchoma matofali na kuyapandisha juu walikuwa watu wa shokoa, kwa kuwa mtu huru wa Siam alipaswa kumtumikia mfalme au bwana aliyeandikishwa kwake nusu ya mwaka, kwa kawaida mwezi mmoja wa kazi na mwezi mmoja wa kwake. Majina yao hayakuhifadhiwa mahali popote katika magofu haya, ingawa kila kilichosalia hapa kilipita mikononi mwao.

Jambo linaloitofautisha Wat Phra Si Sanphet na maelfu ya mahekalu ya Thailand, na ambalo mgeni hulipita kwa urahisi kwa sababu magofuni hapana mtu wa kumwonyesha pengo, ni kwamba hapakuwa na watawa walioishi humo. Wat ya kawaida ni hekalu na makazi kwa pamoja. Watawa hulala humo, hutoka alfajiri na bakuli zao kupokea chakula kutoka kwa wanakijiji, hufundisha watoto kusoma, husimamia mazishi, huwapokea vijana wanaoingia utawani kwa msimu mmoja wa mvua kisha kurudi kwao kuoa, na kwa njia hiyo kila nyumba ya jirani huwa na fungu lake katika hekalu, liwe ni sufuria la wali, siku ya kazi au mtoto aliyenyolewa kichwa. Katika hekalu la jumba la kifalme haya hayakuwepo. Watawa walialikwa kuja kusoma maandiko na kuongoza ibada, wakamaliza, wakarudi kwao. Mtu wa kawaida hakuwa na njia ya kuingia. Mpango huohuo ndio uliofuatwa Bangkok baadaye katika Wat Phra Kaew, hekalu la Buddha wa Zumaridi lililo ndani ya ua wa jumba kuu, ambalo mpaka leo halina watawa wakazi. Hekalu la kijiji lina wenyewe wengi, ambao hata wakitawanyika kwa vita watarudi mmoja mmoja na kuezeka upya. Hekalu la mfalme lina mwenyewe mmoja.

Na mwenyewe huyo alikuwa tajiri. Dhahabu iliyoifunika sanamu haikutoka katika mashamba ya mpunga peke yake, bali katika biashara ya bahari iliyoifanya Ayutthaya kuwa mojawapo ya miji mikubwa ya Asia. Meli ziliondoka na ngozi za swala, bati, mchele, pembe za ndovu na mti wa rangi nyekundu, na mji ukawa na mitaa ya Wachina, Wajapani, Wareno, Waholanzi na Waajemi, hao wa mwisho wakiuita Shahr-i Naw, yaani Mji Mpya. Kwa msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki si ulimwengu wa mbali sana. Mwandishi Mreno Tomé Pires, aliyekaa Malacca muda mfupi baada ya Wareno kuuteka mji huo mwaka 1511, aliorodhesha mataifa yaliyofanya biashara bandarini hapo, na katika orodha ileile wamo watu wa Kilwa na Malindi pamoja na watu wa Siam. Wajumbe wa mfalme wa Ufaransa waliofika Ayutthaya mwaka 1685 walionyeshwa hekalu la jumba la kifalme, wakaandika kwa mshangao juu ya sanamu kubwa iliyosemekana kuwa ya dhahabu. Sifa hizo hazikuwa salama kwa sanamu, kwani kitu kinachojulikana kote kuwa ni dhahabu hakibaki kuwa cha ibada tu.

Jeshi la Burma liliuzingira mji mwanzoni mwa mwaka 1766. Wasiam waliutumainia mto wao, maana kila mwaka baada ya mvua mafuriko huigeuza nchi yote inayouzunguka mji kuwa ziwa, na majeshi ya zamani yalikuwa yamezoea kuondoka kabla ya maji. Safari hii Waburma hawakuondoka. Walipanda kwenye sehemu za juu, nyingi zikiwa viwanja vya mahekalu ya nje ya mji, wakajenga ngome na kutumia mashua, wakasubiri. Tarehe 7 Aprili 1767 ukuta ulivunjwa na mji ukachomwa. Mfalme Ekathat alikufa katika maangamizi hayo, maelfu ya watu wakiwemo watu wa ukoo wa kifalme, mafundi na wacheza ngoma wa jumba walipelekwa Burma, na ndani ya Wat Phra Si Sanphet moto ulitumiwa kuivua ile sanamu kubwa dhahabu yake.

Hapa tafakari ya kutodumu hukutana na jambo ambalo haiwezi kulimeza. Waliochoma hekalu hawakuwa watu wa dini nyingine. Waburma walikuwa Wabuddha wa Theravada kama Wasiam, wakisoma maandiko yaleyale ya Kipali, wakipiga magoti mbele ya sanamu za mwalimu yuleyule, na mfalme aliyetuma majeshi hayo, Hsinbyushin, ndiye huyohuyo ambaye katika miaka ya 1770 aliiinua stupa ya Shwedagon huko Yangon hadi kimo chake cha sasa cha karibu mita 99 na kuifunika kwa dhahabu. Vitabu vya historia vya Thailand, hasa baada ya Mwanamfalme Damrong Rajanubhab kuchapisha mwaka 1917 kitabu chake juu ya vita vya Siam na Burma, vimewazoesha wanafunzi kumwona Mburma kuwa adui wa taifa, na wengine wakaongeza kwamba ni adui wa dini. Maelezo hayo hayasimami mbele ya Shwedagon. Lililo karibu zaidi na ukweli ni gumu zaidi kulikubali: mfalme aliyechuma thawabu kwa kupaka hekalu dhahabu na mfalme aliyevua dhahabu ya hekalu la mwenzake walikuwa wakitumia kanuni moja ya ufalme, ambayo kwayo utakatifu wa jengo ulikuwa mali ya mtawala, na mali ya mtawala aliyeshindwa huwa ngawira.

Hata hivyo Waburma hawastahili kubebeshwa gofu lote. Wamisionari wa Kifaransa waliorejea Siam baada ya vita waliandika habari za watu wenye njaa waliovunja sanamu na kufukua stupa ili kutafuta fedha na dhahabu iliyofichwa ndani, na hao walikuwa wenyeji na wakazi wa nchi. Mwaka 1782 mji mkuu mpya ulipoanzishwa Bangkok na Mfalme Rama wa Kwanza, matofali ya Ayutthaya yalipakiwa kwenye mashua na kuteremshwa mtoni ili yakajenge kuta na majumba ya huko, kwa hiyo sehemu ya mji wa kale haikupotea bali imo ndani ya mji mpya, imefichwa chini ya lipu. Wezi nao hawakukoma. Mwaka 1957, katika Wat Ratchaburana, umbali mfupi tu kutoka hapa, waliingia kwenye chumba kilichozikwa ndani ya prang tangu mwaka 1424 na kutoka na vyombo vingi vya dhahabu. Vilivyookolewa vilihifadhiwa katika jumba la makumbusho la Chao Sam Phraya lililofunguliwa mwaka 1961. Zipo basi namna nne za kubomoa hekalu ambazo historia ya mji huu imezithibitisha, yaani vita, njaa, ujenzi na wizi, na katika hizo hakuna iliyokuwa kazi ya wakati.

Vilevile uzuri wa magofu haya si kazi ya wakati. Idara ya Sanaa ya serikali ya Thailand imezitengeneza chedi, imesafisha msitu uliokuwa umeyafunika majengo, imepanda nyasi na kuzikata, na eneo lililotangazwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 1991 hutunzwa kila siku na watu wanaolipwa mshahara. Mafuriko ya mwaka 2011 yalipoingia katika mji wa kale na kusimama kwenye misingi ya mahekalu, ilibainika wazi kwamba kuliacha gofu libaki gofu, lisiwe lundo la udongo, ni kazi isiyokwisha na yenye gharama kubwa. Kando ya Wat Phra Si Sanphet upo ukumbi wa Phra Mongkhon Bophit, wenye sanamu kubwa ya Buddha aliyeketi, ambao ulijengwa upya katika miaka ya 1950. Waziri mkuu wa Burma wa wakati huo, U Nu, aliyekuwa Mbuddha mcha dini, alipozuru Ayutthaya alitoa mchango wa fedha kwa ajili ya kazi hiyo. Mchango huo mmoja una uzito kuliko hotuba nyingi za urafiki wa mataifa, kwa sababu uliiendea sababu yenyewe ya hasara, ukakiri bila maneno kwamba ilitoka mahali fulani na kwa mikono ya watu fulani.

Ukitazamwa vizuri, Ubuddha wenyewe hauruhusu tafakari inayoishia kwenye neno anicca. Pamoja na fundisho hilo lipo jingine, liitwalo kwa Kipali paticcasamuppada, linalosema kwamba kila jambo hutokea kwa kutegemea masharti yaliyolitangulia, na masharti hayo yakiondoka, nalo huondoka. Na katika orodha ya masharti yanayozaa mateso, tamaa na kung'ang'ania vimepewa nafasi ya wazi. Mwanafunzi wa fundisho hili hasemi kwamba hekalu limeanguka kwa kuwa vitu huanguka. Huuliza ni masharti gani yaliyokutana hata likaanguka hili na si lile. Na Ayutthaya humjibu. Ng'ambo ya mfereji wa mto wa zamani, mkabala wa jumba la kifalme, Wat Na Phra Men iliiponyoka miali ya mwaka 1767 kwa kuwa Waburma waliitumia kuwa kambi yao, na bado ina watawa na waumini. Kusini mwa kisiwa, Wat Phanan Choeng, iliyojengwa mwaka 1324 kabla ya mji wenyewe kuanzishwa, imekuwa mikononi mwa waumini, hasa wafanyabiashara wa Kichina na wazao wao, ambao mpaka leo hufika mbele ya sanamu yake kubwa kuomba heri ya biashara na safari, na haijawahi kuwa gofu la kutazamwa. Mahekalu haya mawili yalinyeshewa mvua ileile na kuzingirwa na maji yaleyale. La kwanza liliokolewa na bahati ya vita, na la pili likarudishiwa uhai na watu waliolihitaji. Hekalu la mfalme halikuwa na bahati wala watu, kwa kuwa walioruhusiwa kuliita lao walikuwa wachache, na hao ndio waliouawa au kuchukuliwa mateka.

Kwa hiyo zile chedi tatu hazistahili kutazamwa kwa huruma peke yake. Zilijengwa na wafalme waliomwamini Buddha kwa dhati, wala hakuna sababu ya kuidharau imani yao, lakini pia zilijengwa ili thawabu, majivu na dhahabu vikae upande wa ndani wa ukuta, na mpango huo ulilipwa kwa gharama uliyostahili. Sanamu iliyovuliwa dhahabu nayo ina habari zake. Rama wa Kwanza aliagiza kiini chake cha shaba nyeusi, ambacho hakikuweza kurekebishwa tena, kipelekwe Bangkok, na badala ya kukiyeyusha akakijengea chedi katika Wat Pho, hekalu lenye watawa na waumini wake, akaipa jina la Si Sanphet. Ni ile yenye vigae vya kijani katika zile nne kubwa, si mbali na Buddha alalaye mwenye urefu wa mita 46 ambaye karibu kila mgeni hufika kumwona na kuondoka. Msomaji atakayejaliwa kufika Thailand na akataka kuona kilichobaki cha Phra Si Sanphetdayan na aanzie hapo, kabla ya kupanda treni ya kwenda Ayutthaya.